SOMO LA LEO: MSHALE WA TAIRI

Leo twasoma alama moja tu: mshale.

Ninyi wakulima wa mpunga wa Idodi mwalijua tope la majaruba. Meno ya tairi la nyuma la trekta yamepangwa kama herufi V. Ncha ya V ndiyo itangulie kugusa ardhi; hapo tope husukumwa kando, na meno hushika. Likifungwa kinyume, tope hujaa kati ya meno, trekta huteleza, na fedha ya kukodi hupotea.

Basi, kabla ya kukaza nati, tazameni mshale ubavuni mwa tairi. Uonyeshe upande linakozungukia gurudumu trekta liendapo mbele. Kisha simameni nyuma yake. Ncha za V zaelekea juu? Vema.

Zoezi: andikeni neno MSHALE mara tatu. Kwaherini.