Bima ya mafuriko: Kabla ya kumpigia mheshimiwa makofi, muulize haya

Wengi mliomba mazungumzo yetu kuhusu bima ya mafuriko yaandikwe ili muyasome polepole, basi haya hapa. Kanuni yetu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja, kila mtu abaki na kura yake.

1. Hoja yenyewe

Masika yakizidi kipimo, mjadala Kenya hufuata njia ileile. Wa kwanza anasema serikali iwalipe waliopoteza nyumba. Wa pili anasema walijenga kando ya mto wakijua, kwa hivyo wahame. Halafu anasimama wa tatu na kusema: tuanzishe bima ya mafuriko ya serikali, kama Marekani. Makofi yanapigwa, mjadala unaishia hapo.

Sasa hebu tuuendeleze. Hiyo bima ya Marekani ipo kweli, na ina zaidi ya miaka 50. Lakini anayeitaja jukwaani mara nyingi hutaja nusu yake tu, ile nusu tamu.

2. Ilianzaje

Mwaka 1965 kimbunga Betsy kilipiga jimbo la Louisiana na kuzamisha mitaa mizima. Wengi hawakuwa na bima ya maji, kwa sababu kampuni za kibinafsi zilikuwa zimeikimbia biashara hiyo kitambo. Na ukifikiria, zilikuwa na sababu. Moto huunguza nyumba moja au mbili, jirani wengine mia wanaendelea kulipa ada. Mafuriko hubeba mtaa wote siku moja. Tena anayetaka bima ya mafuriko ni yule wa bondeni peke yake. Wa mlimani atanunua ya nini?

Kwa hivyo mwaka 1968 bunge lao likapitisha sheria ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, unaojulikana kwa kifupi kama NFIP. Leo unasimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa. Lakini walioandika sheria walijiuliza swali zito: tukiwalipa watu kila wanapofurika, si tutakuwa tunawalipa wajenge mtoni? Jibu lao ndilo kiini cha mazungumzo haya.

3. Anayestahili kwanza ni eneo, si wewe

Huwezi kuamka tu ukaenda kununua bima hiyo. Kwanza eneo lako liwe limejiunga. Na wakisema eneo hawamaanishi chama cha wakaazi. Wanamaanisha serikali ya mahali: mji, kaunti, au serikali ya kabila la wenyeji wa asili, ili mradi ina mamlaka ya kutunga kanuni za ujenzi na kuzitekeleza.

Serikali hiyo ya mahali inatoa ahadi: tutadhibiti ujenzi kwenye uwanda wa mafuriko, yaani ile ardhi ya chini ambayo mto hujitandaza ukijaa. Serikali kuu nayo inajibu: basi watu wenu watauziwa bima. Hayo ndiyo mapatano. Kujiunga ni hiari, na zaidi ya maeneo 22,000 yamejiunga.

Kwa hivyo kama viongozi wa mji wako wamekataa kujiunga, wewe raia mwema uliyejenga vizuri hupati bima ya mpango huo. Uzembe wao unakugusa moja kwa moja.

4. Kanuni zenyewe zinasemaje

Kitu cha kwanza ni ramani. Inaonyesha maeneo yenye uwezekano wa angalau asilimia 1 ya kufurika kila mwaka. Watu huyaita mafuriko ya miaka 100, na hilo jina linadanganya sana. Mtu anasikia hivyo anadhani akishafurika mwaka huu, mjukuu wake ndiye atafurika tena. Sivyo. Ni kama kura inayopigwa upya kila mwaka. Ukiwa na mkopo wa nyumba wa miaka 30 katika eneo hilo, uwezekano wa kufurika angalau mara moja kabla ya kumaliza kulipa ni kama asilimia 26. Zaidi ya robo!

Kisha sheria kuu ni hizi. Nyumba mpya ya kuishi, sakafu yake ya chini kabisa iwe sawa na kimo ambacho maji ya mafuriko hayo yanatarajiwa kufika, au juu zaidi. Kwenye mkondo wenyewe, pale maji yanapopita kwa nguvu, usijenge wala kujaza udongo kwa namna itakayoinua maji kwa jirani. Na kama nyumba ya zamani imeharibika kiasi kwamba kuikarabati kunagharimu nusu ya thamani yake au zaidi, hairudishwi ilivyokuwa. Irekebishwe ifuate kanuni za nyumba mpya, na mara nyingi hiyo ni kuiinua.

Hiyo ya mwisho ndiyo chungu. Fikiria umefurika, familia iko kwa shangazi, halafu afisa wa mji anakuambia huwezi kurudisha sakafu mahali ilipokuwa.

5. Meno yako wapi

Kanuni bila meno ni barua tu. Baada ya kimbunga Agnes cha 1972, sheria ya 1973 iliongeza makali. Ukikopa nyumba ndani ya eneo la hatari kutoka benki iliyo chini ya usimamizi wa serikali kuu, lazima uwe na bima. Na mji ulioonyeshwa kwenye ramani usipojiunga ndani ya mwaka mmoja, misaada ya serikali kuu ya kununua au kujenga nyumba katika eneo hilo inafungwa.

Mji uliojiunga lakini ukafumbia macho ujenzi holela huwekwa kwenye kipindi cha majaribio, na kila mwenye bima analipa dola 50 za ziada. Ukiendelea, unasimamishwa. Upande wa tuzo, tangu 1990 mji unaofanya zaidi ya kiwango cha chini unaweza kuwapatia watu wake punguzo la ada kutoka asilimia 5 hadi 45.

Meno hayo huuma kweli. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, FEMA ilisema baadhi ya maeneo ya Lee County yaliacha watu wajenge upya bila vibali. Mwaka 2024 ikatangaza kuondoa punguzo lao la asilimia 25. Viongozi walilalamika, wakaleta stakabadhi, na kaunti ikabaki na punguzo. Mji wa Fort Myers Beach haukupona: Novemba mwaka huohuo ukawekwa kwenye majaribio na kupoteza punguzo.

6. Msidhani ni peponi

Nyufa ziko, na anayeuza wazo hili lazima azitaje. Nyumba zilizojengwa kabla ya ramani zilipewa ada nafuu, na nyingine zimelipwa fidia mara nyingi, palepale. Kimbunga Katrina cha 2005 kiliulazimisha mpango kukopa mabilioni kutoka hazina ya taifa. Mwaka 2017 bunge lilifuta deni la dola bilioni 16, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Mwaka 2021 wakaanza kupanga ada kulingana na hatari ya kila nyumba, na wengi walioona bili imepanda wakapiga kelele.

Ada ikiwa ndogo, mlipa kodi wa mbali anabeba mzigo. Ikiwa ya kweli, maskini wa bondeni anashindwa. Hilo hawajalimaliza hadi leo.

7. Sasa turudi kwetu

Mwaka 2024 mvua za Machi hadi Mei ziliua zaidi ya watu 250 nchini. Jijini Nairobi serikali iliagiza walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru, na waliohamishwa wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya.

Tazama tofauti. Wamarekani walifunga kanuni na fidia kwenye kamba moja, na zote mbili zinakuja kabla ya maji. Kwetu kanuni husinzia miaka yote, halafu huamka siku ya tingatinga, na fidia inabaki kuwa huruma. Mwenye nyumba alipata kibali, au alipitia mlango wa nyuma, hakuna aliyemuuliza. Anayeulizwa ni mpangaji aliyebeba godoro kichwani.

Pili, tunapima nini? Kanuni zetu zinataja umbali: mita 6 hadi 30 kutoka kwenye maji, na wananchi wamechoka kusikia ofisi moja ikisema hivi na nyingine vile. Wao wanapima kimo cha maji. Si jambo dogo hili. Budalang'i au uwanda wa Kano, mto Nyando ukivunja kingo, mita 30 ni kama mzaha, maji yanatandaa mbali kabisa. Mahali penye kingo ndefu, aliye mita 20 huenda yuko salama. Futi ya kupimia umbali haijui mlima wala bonde.

Tatu, tunayo serikali ya mahali ya kubeba ahadi hiyo. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kupanga ardhi na ujenzi, na sheria ya mipango ya 2019 inazipa mamlaka ya kutoa vibali. Kwa hivyo swali la nani anastahili bima kwetu lingekuwa: ni kaunti gani iko tayari kumkatalia tajiri anayetaka kujenga ghorofa mtoni? Na ikishindwa, nani ataiadhibu bila kumwadhibu mwananchi?

Na msiseme serikali yetu haijawahi kushika bima. Mwaka 2015 ulianza mpango wa bima ya mifugo kule kaskazini, uliolipa setilaiti ilipoonyesha malisho yamekauka. Ila ng'ombe unaweza kumhamisha, nyumba huwezi.

8. Maswali ya kubeba baraza

Mheshimiwa akiahidi bima ya mafuriko, muulizeni kwa heshima, na msiondoke bila jibu:

Ramani iko wapi, na mwananchi akiona imekosea anaipinga wapi? Marekani mji hupewa siku 90 za kukata rufaa kabla ramani mpya kuanza kutumika.

Kaunti ikitoa kibali ndani ya uwanda wa mafuriko, nini kitaipata?

Mpangaji yumo? Kule mpangaji anaweza kukatia bima vyombo vyake bila kumiliki hata tofali. Mathare wengi ni wapangaji. Bima ya wenye hatimiliki peke yao itawaruka.

Walio bondeni tayari wataenda wapi? Bima hailipi kuhama kabla ya maji. Kule kuna fedha tofauti za kununua nyumba za hatari kwa hiari ya mwenyewe, na ardhi ile ikaachwa wazi.

Pengo likitokea, nani analijaza?

Akijibu haya, mpigieni makofi hata mara mbili. Asipojibu, mjue ameahidi kulipia maji yaleyale kila masika kwa kodi yenu. Na anayesema wahamishwe tu, bila ramani, bila notisi, bila mahali pa kwenda, naye ameshika nusu ile nyingine.

Maswali wekeni hapa chini, na ukitaja eneo lako tuambie pia ni mto gani unapita hapo. Tuchambue hoja, tusichambuane.