Mtoto Mgeni katika Mtaa wa Kariakoo

(Haya ni maneno aliyoyasema Sheikh wetu mbele ya wazazi na wanachama wa jumuiya, Buyenzi, Bujumbura. Yametiwa katika kitabu hiki cha ukumbusho kwa ombi la wengi waliokuwapo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), nimetakiwa na wakubwa wa jumuiya niseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika kikao kilichopita. Jambo lenyewe ni watoto wetu wanaopelekwa Dar es Salaam ifikapo likizo kubwa, kwenda kukaa kwa jamaa zao katika mtaa wa Kariakoo. Wako walioshauri kwamba jumuiya iwakataze wazazi, kwa kuwa Kariakoo ni soko, na soko si mahali pa kulelea mtoto. Wako waliowajibu kwamba Kariakoo kuna misikiti, kuna Waislamu, kuna ndugu zetu wa damu, na lugha ni moja. Basi khofu ya nini? Mimi naona pande zote mbili zimeuhukumu mtaa kwa jina lake tu. Mtoto akienda kule atakaa katika nyumba moja, atapanda ngazi moja, atavuka njia fulani kwenda msikitini, na siku yake itakuwa na saa ambazo sharti mtu anayejulikana awe ameshika dhamana yake. Hayo ndiyo yapasayo kupimwa, tena kwa kila mtoto na kila nyumba mbali mbali.

Yafaa kwanza tujue Kariakoo ni nini, maana wengi wetu twaijua kwa robota zinazotoka huko. Jina lake limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, waliopiga kambi pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Halafu pakawa mtaa wa Waafrika, wenye njia zilizonyooka na nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Wamanyema, ambao damu yao imo katika nyumba nyingi za hapa Buyenzi, walikuwa miongoni mwa wenyeji wa zamani, na uko msikiti uitwao kwa jina lao. Hata chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya upande huo, kwenye njia ambayo leo yaitwa Lumumba. Kwa hiyo si ajabu watu wetu kuwa na shangazi na ami kule; ni udugu wa zamani.

Walakini bibi zetu waliokwenda Kariakoo kutembelea jamaa waliifikia nyumba yenye baraza. Mzee akikaa barazani tangu alasiri mpaka isha, akicheza bao au akitafuna tende yake, alikuwa ni bawabu wa njia nzima bila ya mshahara. Mtoto mgeni akitoka, alionekana, akikawia, aliulizwa, akifanya utundu, alirudiwa na mtu asiye hata jamaa yake. Baraza hizo leo ni chache. Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za chini zimevunjwa yakapandishwa maghorofa, chini maduka, juu yake ghala za mali, na juu zaidi wakakaa watu. Jirani wa mlango wa pili huenda akawa mfanya biashara aliyefika juzi kununua viatu, na kesho hayupo. Soko kuu, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka katikati ya mtaa wakafa watu zaidi ya 20. Na mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara saa 24, usiku na mchana. Sisemi haya ili niwatishe. Watu wengi mno wanaishi pale kwa salama na ibada zao. Nasema ili mzazi asimpeleke mtoto katika Kariakoo ya hadithi za bibi, ilhali mtoto atakwenda kulala katika Kariakoo ya leo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikulisikia likitajwa katika kikao kile, nami naliona ndilo kubwa kupita yote. Likizo yetu kubwa hushika Julai na Agosti, na shule zetu hufunguliwa Septemba. Wenzetu wa Tanzania mwaka wao wa masomo huanza Januari. Wao hupumzika Juni, na mapema mwezi wa Julai hurudi darasani. Basi mtoto wako afikapo na furaha zake, binamu zake ndio kwanza wanavaa sare. Wanaondoka asubuhi mapema na kurudi alasiri. Mjomba yuko dukani. Mkewe naye yuko dukani, au yuko njiani kufuata mali. Mtoto wa miaka 11 atabaki na nani? Ama atafungiwa juu, ghorofa ya nne, na televisheni, ama atachukuliwa dukani.

Aghalabu huchukuliwa dukani, na mwenyeji huona amefanya wema. Siku ya kwanza mtoto hukaa juu ya robota akatazama watu. Siku ya tatu hutumwa kuvunja noti kwa jirani. Wiki ya pili anakunja nguo na kuita wateja, na watu wanamsifu kuwa ana akili ya biashara. Mwezi ukitimia anajua bei ya kila kitu, na mwenye duka hawezi tena kumkosa. Hapana hata mmoja aliyekusudia ubaya. Lakini tuliyempeleka alikuwa mgeni, naye sasa ni mtumishi asiye na mshahara wala siku ya mapumziko.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuilia masomo yake. Kadhalika, Julai 2025 ilitoka kule amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, na rejareja ni mojawapo. Fikirini basi mtoto kutoka Burundi asimame nyuma ya meza ya duka katika mtaa huo. Mtasema: ni jamaa tu, anamsaidia mjomba wake. Huenda ikawa kweli. Ila atakayeulizwa kwanza ni mtoto mwenyewe, naye hatajua ajibu nini.

Na sisi wa huku tuna sehemu yetu, tusiwasukumie jamaa wa Dar es Salaam mzigo wote. Imetokea kwetu mtoto kwenda kwa wiki sita, Septemba ikaingia, simu ikapigwa: mwacheni kidogo, amezoea. Kiti chake darasani kikabaki kitupu mpaka Oktoba, na mwingine hakurudi shule kabisa. Na kila aliyekawia, nyumbani kwao ilifika kanga, au kilo za mchele, au fedha kwa njia ya simu. Wazazi walishukuru. Mimi nasema mbele yenu, na atakayeudhika aniwie radhi: kitu kinachotumwa kwa sababu mtoto amekawizwa si zawadi, ni ujira wake, nasi ndio tuliokula. Sote twaijua hadithi ya mchunga na alichopewa akichunge. Haikusema kwamba dhamana yaweza kuvushwa mpaka kwa basi, ikaachwa huko.

Liko jambo jingine, dogo kwa kulisema lakini laweza kuua. Hapa kwetu vyombo hushika mkono wa kulia, na Tanzania hushika wa kushoto. Mtoto wa Bujumbura amezoea tangu utotoni kutazama kushoto kwanza kabla ya kukanyaga njia, kwa maana huko ndiko gari la karibu litokeako. Kariakoo gari la karibu litamjia toka kulia, ambako hajatazama. Katika barabara ya Msimbazi kuna zaidi ya hilo, kwa sababu mabasi ya mwendokasi yana njia yao peke yao, nayo huja upesi. (Ama pikipiki za Kariakoo, kusema kweli, hazina kushoto wala kulia.) Mtu mzima mwenyewe hupata kuduwaa. Basi asiruhusiwe mtoto kuvuka peke yake kwa hoja ya kwamba hapa kwetu huvuka peke yake. Mwenyeji amshike mkono siku nyingi, mpaka shingo yake izoee kugeuka upande wa pili.

Kwa ajili hiyo, mtu akiniambia jamaa yake anakaa hatua chache na Msikiti wa Mtoro, nafurahi, kisha namwuliza: kati ya mlango wa nyumba na mlango wa msikiti kuna njia ngapi za kuvuka, na sala ya isha mtoto atakwenda na nani? Msikiti kuwa karibu ni kheri, lakini hautoki kwenda kumchukua mtoto. Afadhali mwenyeji anayekaa mbali kidogo, akawa amekwisha sema na mwalimu wa chuo ampokee mgeni kwa wiki zile sita, ili asubuhi au alasiri yake iwe na mahali na mtu. Na pa kuchezea pia paulizwe. Mnazi Mmoja pana uwanja na miti, si mbali. Lakini mtoto hapelekwi na upepo, sharti awepo wa kumpeleka.

Juu ya nyumba yenyewe, ulizeni yale ambayo wazee wetu waliona haya kuyauliza. Mtoto atalala chumba gani, na nani? Vijana wa duka wanalala humo humo? Wapangaji je? Kwa binti swali hili huulizwa mara mbili, na kwa mvulana lisisahauliwe hata kidogo. Roshani ina vyuma vya kuzuia? Ngazi ina taa usiku? Moto ukitokea ghalani chini, walio juu watatokea wapi? Jamaa mwema hataudhika kwa maswali haya, na yule atakayeudhika amekwisha wajibuni.

Ya afya nayapita kwa haraka: chandarua, maji yaliyochemshwa, na kujua kuwa dengu, ile homa iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na mbu aumaye mchana, basi chandarua cha usiku hakitoshi. Hati za safari na barua ya wazazi wote wawili zisikosekane. Na Kiswahili chake watoto wa kule watakicheka. Asisikitike, kwani akirudi atatucheka sisi.

Sasa hukumu yangu. Siungi mkono makatazo. Kuunga udugu ni jambo tuliloamrishwa, na mtoto asiyewajua jamaa zake wa pwani leo hatawajua atakapokuwa mzee. Lakini aliye chini ya miaka 10 asiende Kariakoo ila na mzazi wake. Aliyezidi hapo aende kwa nyumba iliyokwisha tazamwa, kwa siku zilizohesabiwa, na tiketi ya kurudi iwe imelipwa kabla hajaondoka. Tena yafaa mfikirie mapumziko yetu ya mwisho wa Desemba. Ni siku chache, na joto la Dar es Salaam mwezi huo ni kali. Lakini shule za kule zimefungwa, binamu wako nyumbani, na siku chache hazimtoshi mtu kumgeuza mgeni kuwa mfanya kazi wake.

Ama namna ya kuitazama nyumba, tusimwulize mwenyeji peke yake. Waarabu husema: jirani kwanza, kisha nyumba. Tunao humu wafanya biashara waendao Kariakoo kila mwezi. Mmoja wao apite pale, si saa sita mchana nyumba ikiwa imefagiwa na chai imetengwa, bali wakati wa magharibi, bila ya kupiga simu. Atazame nani yuko na watoto. Aongee na jirani wa mlango wa pili, kama yuko. Kisha arudi atueleze aliyoyaona, wala asitueleze aliyoyadhani.

Watatu wamekwisha nikubalia kazi hiyo, nao hawataki malipo. Basi wazazi wenye nia ya kupeleka watoto Julai hii wafike kwangu au kwa katibu baada ya sala ya Ijumaa, kila mmoja na karatasi yenye jina la njia, namba ya nyumba na ghorofa, jina la mtu atakayekuwa na mtoto tangu asubuhi mpaka binamu zake warudipo shuleni, na tarehe ya kurudi. Ambaye hana jina la kuandika mahali hapo pa tatu, na aje vile vile, tumtafute pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.