Shyamnagar: lawama si za kimbunga peke yake

Kimbunga Aila kilipopiga kusini-magharibi mwa Bangladesh tarehe 25 Mei 2009, kilibomoa matuta ya kuzuia maji katika tarafa ya Shyamnagar, na kisiwa cha Gabura kikafunikwa na maji chumvi. Ila tusikibebeshe kimbunga lawama zote. Miaka mingi kabla yake, wenye mabwawa ya kamba walitoboa matuta hayohayo kuingiza maji chumvi, maana kamba wa kuuzwa ng'ambo huleta fedha kuliko mpunga. Wakulima wadogo mara nyingi hawakuulizwa. Kwa sababu ya chumvi hiyo, wanawake hutembea mbali kutafuta maji ya kunywa. Nao wanaume, mashamba yakiwa yameingiwa na chumvi, huenda kurina asali katika msitu wa Sundarbans, kwenye chui milia. Serikali mjini Dhaka ikijenga matuta mapya bila kuwabana wenye mabwawa, itapoteza fedha bure.