Upofu wa Rangi na Haki ya Aliye Nao

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba macho na akaumba vinavyoonwa na macho, akamgawia kila mja Wake kwa kadiri aliyoitaka kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, nasi tukijiusia nafsi zetu, kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri, na kuchunga haki za watu, kwani haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe asamehe.

Ndugu Waislamu, katika Suratir Rum Mwenyezi Mungu ametuhesabia tofauti ya ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Na katika Suratu Fatir ametukumbusha matunda ya rangi mbali mbali, na milima yenye njia nyeupe, nyekundu na nyeusi. Twazisoma aya hizi tukidhani kwamba sote tunaziona rangi hizo namna moja. Lakini wako kati yetu, majumbani mwetu na katika safu zetu za swala, ambao wakiangalia nyanya mbivu katikati ya majani yake hawaioni upesi, kwa kuwa wekundu wake na ukijani wa majani vimekaribiana machoni mwao. Hali hiyo huitwa upofu wa rangi. Leo tumependa kuzungumza juu ya watu hawa na haki yao juu yetu, kwa sababu tumeona wanadhulumiwa na watu wasiokusudia dhuluma.

Wa kwanza kati ya waliodhulumu ni sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisomesha watoto chuoni, tukitumia misahafu iliyochapwa kwa rangi za tajwidi. Herufi za kuvutwa zilikuwa nyekundu, na za ghunna zilikuwa za kijani. Alikuwapo mwanafunzi mmoja wa umri wa miaka 10 hivi, mwenye sauti njema na hifadhi ya haraka. Alipofundishwa kwa kusikilizishwa, hakukosea. Lakini alipoambiwa asome mwenyewe kwa kufuata rangi, alivuta pasipovutwa, na penye kuvutwa akapapita. Tulimwambia, "Tazama rangi!" Naye akasema, "Ninatazama, Maalim." Tukaona ni ukaidi. Tukamsimamisha mbele ya wenzake siku tatu mfululizo, nao wakampa jina la kumcheka. Siku ya nne hakuja chuoni.

Siku ya tano alikuja mjomba wake, kaka wa mama yake. Akatoa salamu, akakaa mkekani, akasema kwa upole, "Maalim, mtoto huyu si mkaidi wala si mzito wa kufahamu. Ana macho kama yangu. Mimi nilitaka kazi ya ubaharia nikakataliwa, kwa kuwa nilipopimwa sikuweza kuitenga taa nyekundu na taa ya kijani. Nyumbani twajua hali hii, ila hatukujua kuwa imemfika na yeye." Tulitahayari sana. Tulikuwa tumemwadhibu mtoto kwa jambo alilozaliwa nalo, na tulikuwa tumewafungulia wenzake mlango wa dhihaka ambao Suratul Hujurat imeufunga, pale tulipokatazwa kuchekana na kuitana kwa majina mabaya.

Ndugu Waislamu, kosa letu lilikuwa kuhukumu kabla ya kujua. Basi na tujue.

Wataalamu wanatueleza kwamba ndani ya jicho, upande wa nyuma, umo utando mwembamba uitwao retina. Katika utando huo zimo seli za namna mbili. Namna moja hufanya kazi penye mwanga hafifu, nazo hazitambui rangi. Kwa hiyo usiku wa giza nguo zote huonekana za kijivu. Namna ya pili, ambazo katika kila jicho hufikia kama milioni 6, hufanya kazi penye mwanga wa kutosha, na hizo ndizo zitambuazo rangi. Nazo zimegawika makundi matatu, kila kundi likipokea sehemu yake ya mwanga, na ubongo hulinganisha khabari za makundi hayo matatu ukapata rangi zote tuzijuazo. Ikiwa kundi moja limekosekana, au limeumbwa tofauti kidogo, rangi fulani hukaribiana. Mara nyingi ni nyekundu, kijani na hudhurungi. Na kwa wengine nyekundu huonekana nzito kama inayoelekea weusi. Wachache sana ndio wasioona rangi yoyote. Basi haifai kudhani kuwa kila mwenye upofu wa rangi anaiona dunia nyeusi na nyeupe tu, au kwamba haoni vizuri. Aweza kusoma maandishi madogo kuliko sisi.

Jambo hili halikujulikana vyema zamani, kwa kuwa mwenye nalo mwenyewe hajui. Ameambiwa tangu utotoni kwamba majani ni ya kijani, naye huiita rangi anayoiona kwa jina hilo, wala hana macho mengine ya kulinganishia. Mwaka 1794 mtaalamu wa Uingereza, John Dalton, aliwasomea wenzake mjini Manchester maelezo ya macho yake mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba ua moja alilokuwa akiliona la buluu mchana lilibadilika mno kwake katika mwanga wa mshumaa, na marafiki zake hawakuona badiliko hilo; ila ndugu yake wa kuzaliwa aliona kama yeye. Alidhani kuwa maji ya ndani ya macho yake yana rangi ya buluu, akausia kwamba akifa yachunguzwe. Alipofariki mwaka 1844 yalichunguzwa, yakaonekana safi kama ya watu wengine. Mwaka 1995 wataalamu walichunguza mabaki ya macho hayo yaliyohifadhiwa, wakapata sababu yenyewe: alikosa lile kundi la seli lipokealo zaidi mwanga wa kijani. Tazameni, mtu mwenye elimu kubwa kama ile alifika utu uzima bila ya kuyajua macho yake. Je, mtoto wa chuoni atajuaje?

Na yule mjomba alisema neno jingine lililo kweli, nalo ni kwamba hali hii hufuata damu. Upofu wa kutotenga nyekundu na kijani hurithiwa kwa kupitia sehemu ya mbegu ya uzazi iitwayo kromosomu ya X. Mwanamke anazo mbili. Moja ikiwa na upungufu, ile nyingine huufidia, naye huona rangi sawasawa. Mwanamume anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Ikiwa na upungufu, hana ya kufidia. Ndiyo sababu mtoto huweza kufanana na mjomba wake, hali ya kuwa baba na mama wote wawili wanaona vizuri. Na baba mwenye upofu huu hawarithishi wanawe wa kiume, bali binti zake huubeba, na huenda ukatokea kwa wajukuu. Katika watu wa asili ya Ulaya ya Kaskazini hupatikana wanaume kama 8 katika kila 100, na mwanamke kama 1 katika kila 200. Kwetu Afrika idadi yao ni ndogo zaidi, lakini hakuna mtaa wala shule kubwa isiyokuwa nao.

Hapa twataka kuwanasihi wanaume. Asije mtu akamlaumu mkewe kwa kuwa amesikia kwamba upofu huu umepitia kwa mama. Mama hakuchagua, kama vile baba hakuchagua. Wala hali hii si kijicho, si uchawi wala si pepo, na haimpati mtoto kwa dhambi ya mzazi wake. Ni maumbile aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu, na Muumba haulizwi.

Huenda msikilizaji akauliza: Je, ibada ya mtu huyu itakuwaje? Jibu ni kwamba dini yetu ni nyepesi. Alfajiri hujulikana kwa weupe wa mchana unapojitenga na weusi wa usiku. Sahaba Adiyy bin Hatim alidhani kuwa ni nyuzi za kweli, akaweka chini ya mto wake uzi mweusi na mweupe, na Mtume (S.A.W.) akamfafanulia maana. Weupe na weusi huo mwenye upofu wa rangi anauona kama sisi. Lakini wakati wa Isha, katika madhehebu ya Imam Shafi, huingia kwa kupotea wekundu wa magharibi, na wekundu huo huenda yeye asiutambue. Vile vile huenda asiione alama ya damu katika nguo ya kijani au ya hudhurungi, au asitambue maji yaliyogeuka rangi kwa najisi. Dawa yake ni kumuuliza mwaminifu anayeona, au kufuata ratiba ya nyakati za swala inayotegemewa. Wala hapana aibu katika kuuliza. Abdallah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuwa kipofu kabisa, alikuwa mwadhini wa Mtume, na hakuwa akiadhini Alfajiri mpaka aambiwe na watu kwamba kumepambazuka. Alitegemea macho ya wenzake, na umma mzima ukaitegemea sauti yake.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, elimu isiyofuatwa na vitendo ni hoja juu ya mwenye nayo. Basi yako mambo manne tunayokuombeni myatende.

La kwanza ni la wazazi. Mtoto akichora majani ya hudhurungi na shina la kijani, au akichanganya penseli zake, msimcheke wala msimpige. Mpelekeni akapimwe macho. Kipimo chenyewe hakiumizi. Mtaalamu wa Ujapani, Shinobu Ishihara, alikitunga mwaka 1917, nacho ni kurasa za madoa ya rangi ambamo nambari imefichwa. Anayezitenga rangi huisoma, na asiyezitenga haioni au husoma nyingine. Ni bora kijana ajue mapema kuliko kuweka moyo wake wote katika urubani, ubaharia au udereva wa treni, kisha arudishwe mlangoni. Kazi hizo zina masharti kwa sababu roho za watu zimo ndani yake. Lakini kazi zilizobaki ni nyingi mno, na Dalton mwenyewe alikuwa mwanakemia mashuhuri.

La pili ni la walimu. Jambo lolote linaloonyeshwa kwa rangi, lionyeshwe na kwa njia nyingine pia. Chaki nyekundu katika ubao mweusi wengine hawaisomi. Pigeni mstari chini ya neno. Ramani iandikwe majina, na penseli ziandikwe rangi zake. Sisi chuoni kwetu tulitia alama ya wino mweusi juu ya kila herufi ya kuvutwa katika msahafu wa yule mtoto, naye akasoma na kuwapita waliokuwa wakimcheka.

La tatu ni la wafanya biashara na wanaohukumu baina ya watu. Asiyetenga rangi akija kununua nyama au matunda, ni amana kwako. Ukimuuzia kibichi kwa bei ya kibivu umemghushi, na umejua ulilolifanya. Na shahidi akisema gari lilikuwa la kijani na wenzake wakasema jekundu, asihukumiwe kuwa mwongo mpaka yatazamwe macho yake. Huenda amesema kweli kama alivyoona.

La nne ni la wagonjwa. Upofu wa rangi wa kuzaliwa haubadiliki, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Basi msitoe mali yenu kwa wauzao makombe na matone ya kuponyesha. Iko miwani ya vioo vya rangi inayowasaidia wengine kutofautisha, lakini nayo si tiba. Bali aliyekuwa akiona rangi vizuri kisha zikaanza kufifia, huyo asikae nyumbani. Yaweza kuwa maradhi ya mshipa wa jicho au kisukari. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa iitwayo ethambutoli, akiona nyekundu na kijani zinamchanganya au macho yanapungua, na amwendee daktari siku hiyo hiyo. Asiache dawa kwa shauri lake, wala asinyamaze.

Ndugu zetu, tulipokwisha kuzungumza na yule mjomba, tulimwita mtoto, tukamwomba radhi mbele ya wenzake wale wale ambao tulimfedhehesha mbele yao. Nafsi iliona uzito, kwani mwalimu hupenda kuombwa radhi, si kuomba. Mtoto akasema, "Nimesamehe, Maalim," akafungua msahafu wake. Nasi tukafahamu kwamba upofu ulio mkubwa siku zile haukuwa wa macho yake.

Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa neema ya macho, kwa aliyepewa mengi na aliyepewa machache. Tuondolee kiburi cha kudhani kwamba tunachokiona sisi ndicho tu kilichopo. Walinde watoto wetu na ulimi wa dhihaka na mkono wa dhuluma. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, na utujaalie kuwa watu wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.