Pengo Halikai Bure



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali aliyeng'olewa gego. Daktari wa meno alinieleza kwamba pengo halikai bure: meno ya jirani huliinamia, la upande wa pili hulifuata, na mfupa wa taya husinyaa.

Njia za kuliziba ni tatu. Kwanza, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Haya ni nafuu zaidi, lakini usiku yavuliwe, yasafishwe na kulazwa majini. Pili, daraja, linalogandishwa juu ya meno ya jirani. Nayo, hata yakiwa mazima, kwa kawaida huchongwa. Tatu, jino la kupandikiza: skrubu ya titani hutiwa mfupani, hungojewa miezi kadhaa ishikwe, ndipo jino livishwe juu yake. Profesa Brånemark wa Uswidi alianza kuwapandikizia wagonjwa mwaka 1965. Njia hii ni ghali, na kwa mvutaji sigara hushindwa mara nyingi zaidi.

Mimi nilichagua daraja, kwa kuwa majirani wa pengo langu walikwisha kutobolewa na kuzibwa. Wangalikuwa wazima, nisingalikubali wachongwe.

Wenzangu, tusicheke tukijifunika mdomo. Tukaulize mapema, kabla meno hayajahama. Nanyi vijana, pigeni mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi. Hakuna jino la kununua lililo bora kuliko lililoota lenyewe.