MASHINE INAPOMSUBIRI ASIYEKUWEPO

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kosa ambalo nusura nilitende mimi mwenyewe.

Ofisini kwetu kompyuta zote zimeunganishwa na seva moja, yaani mashine kuu inayotunza mafaili ya watu. Karani alikuwa akiandika jina lake ili aingie, kioo kinakaa kimya. Zinapita sekunde 20 nzima ndipo anapoulizwa neno la siri. Na kwa kuwa seva humtoa aliyekaa kitambo bila kuitumia, alirudia adha hiyo mara nyingi kwa siku, huku wazee waliofuata mafao yao wakimtazama dirishani.

Tukaketi kikao. Tukaamua kwamba seva imezeeka, inunuliwe mpya, na kijana anayeitunza apewe barua ya onyo. Nakiri mbele yenu kwamba nami niliunga mkono.

Kijana akaomba siku moja tu. Kesho yake alituonyesha mambo mawili. Kwanza, karani akishaingia, kazi inakwenda mbio. Mashine iliyochoka ingechoka kutwa, si mlangoni peke yake. Pili, alikuja alfajiri, ofisi ikiwa tupu, akapima kwa saa: sekunde 20 zile zile. Akasema, "Wazee wangu, kama ungekuwa msongamano, ungepungua watu wasipokuwapo. Hii inasubiri jibu."

Kweli ilikuwa inasubiri. Kabla ya kumfungulia mtu, seva ile hutazama namba ya kompyuta yake, kisha huuliza mashine nyingine yenye orodha ya majina: namba hii ni ya nani? Ndani ya faili lake mliandikwa anwani mbili za kuulizia, na mashine zote mbili zilikwisha ondolewa tulipohamia jengo jipya. Kwa kawaida ya mfumo wa Linux, seva husubiri sekunde 5 kwa kila anwani, halafu huzirudia zote mara ya pili. Tano mara nne ni ishirini.

Kijana alisahihisha mistari miwili, mlango ukafunguka papo hapo. Alitueleza pia kwamba OpenSSH, programu tunayoingilia, tangu toleo lake la 6.8 la mwaka 2015 haiulizi swali hilo mpaka iamriwe. Yetu ilikuwa ya zamani.

Ndugu zangu, walioziondoa mashine zile ni sisi wakubwa, na hatukumwambia kijana. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha chapwa, ikingoja sahihi. Nikaichana.

Kitu kikichelewa, tusikimbilie kununua kipya wala kumtafuta wa kulaumiwa. Tuulize kwanza: kinamsubiri nani, na huyo yupo? Kuuliza si ujinga.

Kwa leo ni hayo. Nawatakieni juma jema.