Mwanajeshi Aliyepatanisha Sudan



Nimeombwa niseme machache juu ya wanajeshi wetu wastaafu. Nitamtaja mmoja tu: Luteni Jenerali mstaafu Lazaro Sumbeiywo, mwana wa Elgeyo Marakwet. Aliwahi kuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu, lakini wengi tunamkumbuka kwa kazi isiyohitaji bunduki, ya kupatanisha Sudan.

Itifaki ya Machakos ilitiwa saini Julai 2002. Mwaka mmoja baadaye, kule Nakuru, rasimu waliyopewa ilikataliwa na serikali ya Khartoum. Hapo wengi wangefunga mafaili. Yeye ni Mkristo wa kusali kweli, si wa Jumapili pekee, wala hakuficha kwamba kazi ile aliiombea. Septemba 2003 John Garang na Ali Osman Taha wakakaa ana kwa ana Naivasha, wakaafikiana kuhusu majeshi yao. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Familia za wapatanishi nazo zilivumilia miaka hiyo yote, ingawa hazikupigwa picha.

Vijana wa Bonde la Kerio, ng'ombe wakichukuliwa usiku, mwendeeni kwanza mzee aliyewahi kuvaa sare. Anajua risasi hufanya nini.

Nanyi wazee wastaafu, tunawahitaji katika kamati za amani. Chifu yuko pale mezani na daftari. Tafadhali andikisheni majina kabla hatujatawanyika.